Bango halisi la dubwana la Kijapani: jinsi ya kulitambua, kulinunua na kulitunza

Filamu ya kwanza ya Godzilla ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 3 Novemba 1954. Bango lenye jina la filamu hiyo linaweza kuwa limechapwa mwaka huohuo, au miaka ya 1970 iliporudishwa kumbini, au 1983 kampuni ya Toho ilipofufua filamu zake za zamani, au wiki iliyopita na mtu mwenye printa kubwa. Picha inaweza kufanana kabisa. Kinachotofautiana ni karatasi, na pesa unalipia karatasi. Kabla ya kujifunza kitu kingine chochote, jizoeze kutenganisha mwaka wa filamu na mwaka wa bango.

Anza na futi kamba

Mabango ya Japani hufuata vipimo vya karatasi vya mfumo wa B wa Kijapani. Kipimo kikuu, ambacho wakusanyaji wengi hawatoki nje yake, ni B2: sentimita 51.5 kwa 72.8. B1 ni mara mbili yake, 72.8 kwa 103. B3, 36.4 kwa 51.5, ndiyo iliyokuwa ikining'inizwa ndani ya mabehewa ya treni. Kuna bango refu la kusimama linaloitwa tatekan, takriban 51 kwa 145, ambalo ni B2 mbili zilizounganishwa moja juu ya nyingine. Kuna pia bango jembamba, karibu nusu ya B2 iliyokatwa kwa urefu. Mwisho kuna chirashi, kipeperushi cha B5, 18.2 kwa 25.7, kilichokuwa kikigawiwa bure mlangoni mwa ukumbi.

Bango la zamani linaweza kupungua milimita kadhaa kwa sababu kiwandani lilikatwa vibaya au mwenye ukumbi alipunguza kingo. Hilo lisikutishe. La kukutisha ni bango la "1964" lenye 61 kwa 91, au 42 kwa 59.4. Hivyo ni vipimo vya maduka ya picha za ukutani, na hakuna ukumbi wa Japani uliopokea bango la hivyo. Muuzaji akikataa kupima, achana naye.

Mabango ya Marekani, Italia, Ujerumani au Poland ya filamu hizihizi ni fani nyingine yenye vipimo na bei zake. Tunayozungumzia hapa yalichapwa Japani kwa ajili ya kumbi za Japani.

Kusoma mwaka bila kujua Kijapani

Mabango mengi ya Japani huandika mwezi na tarehe ya kuanza kuonyeshwa, na siku ya wiki ndani ya mabano, lakini hayaandiki mwaka. Hiyo siku ya wiki ndiyo msaada wako. Alama ni saba tu: 日 Jumapili, 月 Jumatatu, 火 Jumanne, 水 Jumatano, 木 Alhamisi, 金 Ijumaa, 土 Jumamosi. Alama 月 inayofuata namba ya kwanza ni mwezi, na 日 inayofuata namba ya pili ni tarehe. Kwa hiyo 12月15日(土) ni Jumamosi, 15 Desemba. Fungua kalenda: kati ya 1973 na 1990, Desemba 15 iliangukia Jumamosi mwaka 1973, 1979, 1984 na 1990 tu. Godzilla alirudi kumbini 15 Desemba 1984, basi bango limejitaja lenyewe.

Ukikuta mwaka wa kifalme, hesabu ni nyepesi. Showa, 昭和, ongeza 1925: Showa 29 ni 1954, Showa 39 ni 1964. Heisei, 平成, ongeza 1988. Mara nyingi miaka hii haimo kwenye bango lenyewe bali kwenye kipande cha karatasi ambacho ukumbi wa mtaani ulibandika chini, chenye jina la ukumbi na tarehe zake. Wapo wanaokibandua ili bango lionekane safi. Usifanye hivyo, ni ushahidi wa bure.

Jifunze pia sura za majina ya kampuni: 東宝 ni Toho, yenye madubwana Godzilla, Mothra na Rodan, 大映 ni Daiei, yenye Gamera na Daimajin, 松竹 ni Shochiku, 日活 ni Nikkatsu. Shochiku na Nikkatsu zilijaribu bahati zao na madubwana mwaka 1967.

Halafu kuna maneno yanayofichua kwamba bango halikuwa la ukumbi kabisa. Ukiona 公開 au ロードショー, ni la kuonyeshwa filamu. Ukiona ビデオ, au 発売 ikifuatana na bei yenye alama ya yeni 円, hilo ni tangazo la kuuza kanda. Kanda za video zilitangazwa kwa mabango ya B2 yaliyochapwa vizuri sana, mengi yakiwa na picha ya bango la zamani. Ukiona 展 ni la maonyesho ya makumbusho au duka kubwa. Hayo si bandia, na yana wapenzi wake, lakini si bango la sinema, na bei yake isiwe ya bango la sinema.

Marudio ya Toho

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuanzia Desemba 1969 hadi 1978, Toho iliandaa maonyesho ya watoto wakati wa likizo za shule yaliyoitwa 東宝チャンピオンまつり, Toho Champion Matsuri. Mtoto alilipa kiingilio kimoja akatazama filamu ya dubwana, katuni, na pengine kipindi cha shujaa wa televisheni. Filamu nyingi zilizoonyeshwa humo zilikuwa za zamani zilizokatwa zikawa fupi. King Kong dhidi ya Godzilla ya 1962 ilirudishwa 1970 na tena 1977. Mothra dhidi ya Godzilla ya 1964 ilirudi 1970. Mothra ya 1961 ilirudi 1974. Ile ya 1968 iliyokusanya madubwana yote, 怪獣総進撃, ilirudi 1972 ikiwa na jina jipya kabisa, ゴジラ電撃大作戦.

Kwa kawaida bango la Champion hujaza picha za filamu mbili tatu au zaidi kwenye karatasi moja, na nembo ya matamasha hayo hukaa juu au pembeni. Muuzaji asiyejua, au anayejua sana, huliandika "King Kong dhidi ya Godzilla, 1962".

Sasa angalia kinyume chake, maana wengi hukariri nusu ya kanuni. Filamu za Godzilla zilizotengenezwa kati ya Desemba 1969 na 1975 zilianza maisha yao ndani ya Champion Matsuri: ile ya Hedorah ya 1971, ya Gigan 1972, ya Megalon 1973, na mbili za Mechagodzilla za 1974 na 1975. Kwa hizo, bango lenye nembo ya Champion ndilo la kwanza. Kwa kifupi, filamu ya 1968 kurudi nyuma yenye nembo hiyo ni marudio, na filamu ya Desemba 1969 hadi 1975 yenye nembo hiyo ni toleo la kwanza. Bango la marudio la 1970 nalo ni kitu cha zamani chenye thamani yake, na kwa mfuko wa kawaida huenda ndilo bango la Showa utakaloweza kulimiliki. Shida ni kulilipia bei ya 1962.

Filamu moja pia huweza kuwa na mabango mawili au matatu ya B2 ya mwaka uleule: la kutangulia lenye maneno machache, kisha aina A na aina B yenye picha tofauti. Yote ni halisi.

Karatasi mkononi

Vifaa ni vitatu na vyote ni rahisi: lenzi ya kukuza mara 30, ile wanayotumia masonara, taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti dukani, na futi kamba.

Weka lenzi juu ya herufi nyeusi ndogo, zile za majina ya waigizaji chini ya bango. Usianze na uso wa dubwana. Kwenye bango lililochapwa kwa ofseti, yaani kwa mashine ya kiwanda cha uchapaji, picha imejengwa kwa vitone vya rangi, lakini herufi nyeusi ni wino mmoja uliojaa, wenye ukingo uliokatika vizuri. Kwenye nakala iliyotokana na kuskani bango lingine, mashine haikujua kutofautisha herufi na picha: herufi nazo zimevunjika kuwa vitone, na pembeni mwake utaona chembe za samawati, waridi na njano. Ukiona hivyo, kesi imekwisha. Printa ya wino huacha chembe zilizotawanyika ovyo bila mpangilio wowote, na hiyo ni rahisi zaidi kuikamata.

Kisha pitisha kidole juu ya mikunjo na madoa. Nakala huchapa na kasoro za bango lililonakiliwa: macho yanaona mkunjo, kidole hakiusikii. Geuza upande wa nyuma. Mkunjo wa kweli unaonekana pande zote mbili, tundu la pini linapitisha mwanga, na doa la maji lina ukingo wake hata nyuma.

Taa ya urujuanimno iwashe gizani. Karatasi ya kisasa imetiwa kemikali ya kuing'arisha, na itawaka rangi ya buluu-nyeupe. Karatasi ya miaka ya 1950 kwa kawaida hubaki hafifu, ya njano au kahawia. Kwa mabango ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea jaribio hili linapoteza nguvu, kwa sababu kemikali hizo zilikuwa zimeenea viwandani. Litumie kukataa bango la 1954 linalong'aa kama shati jeupe kwenye disko, usilitumie kuthibitisha la 1974.

Mikunjo nayo ina habari. Mabango mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalikunjwa, kwa hiyo mkunjo si kasoro ya kukimbia. Lakini mikunjo ikigawa karatasi katika miraba ya takriban sentimita 30, shuku kwamba lilikuwa zawadi ndani ya jalada la santuri. Tundu mbili ndogo za pini za stepla katikati zinaashiria lilitoka kwenye jarida. Nakala zilizochapwa kihalali huandikwa 復刻 au 復刻版, au huwa na mstari mdogo wa haki miliki wenye mwaka wa karibuni. Alama ya Eirin, 映倫, ile bodi ya Japani inayopitisha filamu, isikudanganye: anayenakili bango hunakili na alama.

Kununua

Ukifika Tokyo, nenda Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vikuukuu. Yaguchi Shoten na @Wonder wana vitu vya sinema, na Mandarake iko ndani ya jengo la Nakano Broadway. Wengi wetu hatuendi, tunanunua kwenye masoko ya mtandaoni ya Yahoo! Auctions ya Japani au Mercari kupitia wakala kama Buyee au ZenMarket, ambaye hununua kwa jina lake, hupokea mzigo ghalani, kisha huutuma kwako.

Tafuta kwa Kijapani. Kunakili maneno haya kutakupa vitu ambavyo utafutaji wa Kiingereza hauvioni: ゴジラ ポスター B2, モスラ ポスター, ガメラ ポスター. Ongeza 当時物, yaani kitu cha wakati ule ule, na uondoe 復刻 na 複製, yaani nakala.

Aliyewahi kuagiza gari kutoka mnada wa Japani anajua karatasi ya ukaguzi inavyosomwa: kila alama ndogo ina maana, na kisichoandikwa unakihesabu kuwa hakipo salama. Maelezo ya bango husomwa vivyo hivyo. 折れ ni mikunjo, 破れ ni mipasuko, 画鋲穴 ni tundu za pini, シミ ni madoa, ヤケ ni kuungua kwa jua au uzee, テープ跡 ni alama za utepe wa gundi, 裏打ち ni kuwa limebandikwa karatasi au kitambaa nyuma. 美品 ni hali nzuri. 難あり ni lina kasoro. ノークレーム・ノーリターン maana yake hakuna malalamiko wala kurudisha, na wanaandika wakimaanisha.

Omba picha hizi kabla ya kutoa bei: mbele nzima, nyuma nzima, pembe nne kwa karibu, ukingo wa chini wenye maandishi, na moja yenye futi kamba pembeni. Picha ya nyuma ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayokosekana mara nyingi. Angalia pia rangi: jua hula waridi na njano kwanza, ndipo bango linabaki na ubuluu-buluu. Kama ukingo uliokuwa umefunikwa na fremu una wekundu mkali kuliko katikati, bango zima limepauka na hakuna dawa.

Kwa anayeanza, ushauri wetu uko wazi: anza na chirashi na B2 za 1984 hadi 1995. Zilichapwa kwa wingi, nyingi hazikukunjwa, nakala zake zinajulikana, na zina michoro ya Noriyoshi Ohrai, ambaye kwa maoni yetu hakuna aliyemchora Godzilla akiwa na uzito kama wake. Kisha panda hadi Champion, halafu Gamera ya miaka ya 1960, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko Godzilla wa umri uleule. Bango la 1954 waachie wenye pesa za mnada mkubwa, tena na wao wanaliogopa.

Safari ya mzigo

Gharama ni tano, na bei ya mnada ni moja tu kati yake: bei, ada ya wakala, usafirishaji ndani ya Japani, usafirishaji wa kimataifa, na ushuru. Kwa Tanzania na Kenya forodha hukokotoa kwa thamani ya bidhaa, kwa hiyo chapisha risiti ya wakala uende nayo. Usimwombe muuzaji aandike thamani ndogo, maana mzigo ukipotea utalipwa hiyo hiyo ndogo. Nunua mabango kadhaa, yaache ghalani kwa wakala, yatumwe pamoja. Angalia tu siku za kuhifadhi bure zisipite.

Bango ambalo halijakunjwa lisafiri ndani ya tyubu ya kadibodi ngumu yenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 60 kwa B2, au 80 kwa B1. Tyubu ya sentimita 5 hukaza karatasi mno, kingo zikapondeka na bango likakataa kunyooka. Liviringishwe ndani ya karatasi safi, litiwe mfuko wa plastiki, na kila mwisho ubaki na nafasi ya sentimita tatu hivi iliyojazwa karatasi laini. Lililokwisha kukunjwa lisafiri bapa kati ya kadibodi mbili, usilikunjue ili uliviringishe. Kwenye ujumbe wa agizo nakili 折らないでください, usikunje tafadhali, kwa sababu wapo wafanyakazi wa ghala ambao hukunja bango safi liingie kwenye boksi dogo.

Likifika, usilifungue kwa pupa wala usiliviringishe kinyume ili linyooke. Hapo ndipo wino hupasuka. Litandaze kati ya karatasi mbili nyeupe safi juu ya meza, weka vitabu vizito juu yake, uliache siku mbili. Pasi ya nguo haihusiki hata kidogo.

Kulitunza pwani na bara

Karatasi inataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar huvuka kiwango hicho karibu mwaka mzima, na ukipita 65 au 70 ukungu huanza kazi. Nairobi na Arusha kuna nafuu. Nunua kipima unyevu kidogo cha kielektroniki na ukiweke ndani ya chombo cha kuhifadhia, si ukutani, kwa sababu unataka kujua hewa inayogusa karatasi.

Kila bango liingie kwenye mfuko wa poliesta angavu, usio na PVC. PVC hutoa kemikali, hugandana na wino, na siku ukiutoa mfuko unatoka na uso wa dubwana. Nyuma weka karatasi isiyo na asidi. Panga mabango bapa ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli zisizogusa karatasi. Chembe za silika zikibadili rangi, zikaushe kwenye ovena kwa takriban nyuzi 120 kwa saa mbili, kisha zirudishe. Boksi likae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na wa bafu. Mchwa na wadudu wa vitabu hawachagui kati ya Godzilla na gazeti la jana.

Utepe wa gundi wa zamani usiubandue mwenyewe, utatoka na wino. Usilaminishe, usibandike kwenye ubao kwa gundi ya dawa, usijaze tundu za pini kwa kalamu ya rangi. Bango lililochanika vibaya linaweza kutiwa washi, ile karatasi ya jadi ya Kijapani, au kitambaa nyuma na fundi anayetumia gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu gundi hiyo hutoka kwa maji. Bango la B2 lenye mikunjo ya kawaida tu liache lilivyo. Wakusanyaji wengi wa mabango ya Japani hulipenda zaidi likiwa halijaguswa.

Ukitaka kulitundika, tumia fremu yenye akriliki, plastiki angavu badala ya kioo, inayozuia urujuanimno, na vijiti vya pembeni vya milimita 5 ili uso wa bango usiguse akriliki. Unyevu ukinasa katikati, bango linagandana nayo. Lishikilie kwa vipande vidogo vya washi na gundi ya wanga upande wa juu tu, lining'inie lenyewe na lipate nafasi ya kutanuka msimu wa mvua. Chagua ukuta usiopata jua hata la saa moja asubuhi, na baada ya miezi mitatu au minne libadilishe na jingine.